Lodwar hadi Kakuma ni dakika ngapi? Uzi kuhusu kilomita, masaa na maneno ya jukwaani

1/ Kila msimu wa siasa ukifika, kuna sentensi mbili hazikosi. Ya kwanza: "Turkana si mbali, ni saa moja na nusu tu kutoka Nairobi." Ya pili: "Turkana ni mbali sana, hata serikali ikitaka haiwezi kufika kila mahali." Wote wawili hupigiwa makofi. Na wote wawili wanaweza kukuonyesha namba za kweli kabisa. Leo tuzifungue hizo namba moja moja. Uzi ni mrefu kidogo, keti.

2/ Mfano wetu ni Lodwar na Kakuma. Lodwar ndiyo makao makuu ya kaunti: ofisi ya gavana, bunge la kaunti, hospitali kubwa ya rufaa, mahakama. Kakuma ni mji uliokua haraka baada ya kambi ya wakimbizi kufunguliwa 1992, na leo kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina zaidi ya watu laki mbili na nusu. Miji yote miwili ina kiwanja cha ndege. Sasa swali rahisi: kutoka kiwanja kimoja hadi kingine ni umbali gani? Ukiuliza watu wanne utapata majibu manne.

3/ Jibu la kwanza ni la ramani. Piga mstari ulionyooka kutoka kiwanja cha Lodwar hadi cha Kakuma, kuelekea kaskazini magharibi. Utapata kilomita 105 hivi. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hivyo wao watakuambia kama maili 57. Ni umbali uleule, kipimo tu ndicho tofauti. Ukiona watu wawili wanabishana mtandaoni, mmoja anasema 57 na mwingine 105, kwanza angalia kama wanapima kwa kitu kimoja.

4/ Jibu la pili ni la barabara. Kwa gari ni karibu kilomita 120. Tofauti na ya ramani si kubwa kwa sababu nchi ni tambarare na barabara haizunguki sana. Kwingine mambo ni tofauti kabisa: Nairobi hadi Lodwar kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 510, lakini kwa barabara kupitia Kitale na Kapenguria ni karibu 700. Kwa hivyo mtu akikutajia kilomita, swali lako la kwanza ni: za angani au za lami?

5/ Jibu la tatu ni la kikokotoo. Ndege ndogo ya propela moja kama Cessna Caravan, ambayo watu wa kaskazini wanaijua vizuri, husafiri kilomita 300 na kitu kwa saa. Gawanya 105 kwa kasi hiyo, unapata dakika 20. Hapo ndipo mtu anaenda kwenye mkutano na kusema, "Kakuma na Lodwar ni dakika ishirini tu, jamani!" Makofi.

6/ Lakini hakuna ndege inayoanza na kasi hiyo na kumaliza nayo. Inatembea kwanza kwenye kiwanja, inageuka, inapaa, inapanda polepole, halafu inaanza kushuka, inajipanga na njia ya kutua, inatua, inatembea tena hadi inapoegeshwa. Ratiba za ndege huhesabu tangu magurudumu yanapoanza kusogea hadi yanaposimama kabisa. Ndiyo maana dakika 20 za kikokotoo zinakuwa nusu saa za ratiba.

7/ Jibu la nne ndilo la mwananchi: kutoka mlango wa nyumba yangu hadi mlango wa ofisi ninayoenda. Hapo ongeza boda ya kwenda kiwanjani. Ongeza saa moja ya kufika mapema, kupimwa mzigo na kukaguliwa. Ongeza kungoja ndege yenyewe, kushuka, kungoja begi, kutafuta boda nyingine. Ile nusu saa imekuwa karibu masaa mawili.

8/ Na gari je? Sehemu kubwa ya barabara ya Lodwar hadi Kakuma sasa ni lami mpya. Siku nzuri unatumia saa moja na nusu hadi mbili, na gari linakuokota barabarani na kukushusha karibu na unakoenda. Kwa hivyo hata kama kesho mtu angeanzisha ndege ya abiria kati ya Lodwar na Kakuma, haingekuokoa hata dakika kumi, na nauli ingekuwa mara kadhaa ya ile ya gari. Dakika 20 ni za kweli, lakini hakuna mwananchi anayezipata.

9/ Hapa kuna kanuni ya kukumbuka. Kila safari ya ndege ina muda usiopungua: kufika, kukaguliwa, kungoja, kutoka. Muda huo ni karibu uleule uwe unaenda mbali au karibu. Safari ikiwa fupi, muda huo unameza faida yote ya kasi. Safari ikiwa ndefu, kasi inashinda. Hii si siasa, ni hesabu ya darasa la sita.

10/ Usidhani ni shida ya Turkana peke yake. London na Paris ziko karibu kilomita 350 kwa mstari ulionyooka. Tiketi ya ndege huandikwa kama saa moja na robo. Treni inayopita chini ya bahari inachukua masaa mawili na robo hivi. Kwa tiketi, ndege imeshinda kwa saa nzima. Lakini viwanja viko nje ya miji, treni inaingia katikati ya mji. Ukihesabu mlango kwa mlango, wengi wanaona treni iko sawa au inashinda.

11/ Ufaransa ilienda mbali zaidi. Tangu 2023 sheria yao inazuia ndege za ndani pale ambapo kuna treni ya chini ya masaa mawili na nusu. Kwa mfano Paris Orly hadi Lyon au Bordeaux, ndege zilisimama. Sasa mtu akikuambia "wazungu wanaruka saa moja tu kila mahali", mjibu kwa upole kwamba wazungu wenyewe wanaondoa baadhi ya ndege hizo, kwa sababu wana treni. Sisi huku hatuna treni. Kulinganisha dakika bila kulinganisha njia mbadala ni kupotosha.

12/ Turudi nyumbani, tuchukue safari ndefu. Nairobi hadi Lodwar, kilomita 510 za angani. Ndege ya propela mbili inayoenda karibu kilomita 500 kwa saa inahitaji saa moja ya kikokotoo, na ukiongeza kupaa na kutua inakuwa saa moja na robo au zaidi. Ile ndogo ya propela moja inachukua zaidi ya saa moja na nusu. Na ikisimama Eldoret njiani, ongeza tena. Kwa hivyo anayesema "saa moja na nusu" hajadanganya. Amesoma tiketi vizuri.

13/ Kuhusu kusoma tiketi, wengi huchanganyikiwa hapa: tiketi ikisema 07:00, hiyo ni saa moja asubuhi yetu. Ikisema 13:00, ni saa saba mchana. Nimeona watu wakibishana mtandaoni kwamba safari ni ya masaa sita kwa sababu mmoja alisoma saa ya kuondoka kwa Kiingereza na ya kufika kwa Kiswahili. Chekeni, lakini hutokea.

14/ Kwa basi, Nairobi hadi Lodwar ni usiku mzima na sehemu ya siku inayofuata. Ukitoka Kakuma, ongeza zile kilomita 120. Kwa hivyo anayesema "ni siku nzima na zaidi" naye hajadanganya. Amekaa kwenye kiti cha basi. Wawili hawa wanazungumza juu ya mji mmoja, lakini mmoja ni mtu wa tiketi ya ndege na mwingine ni mtu wa tiketi ya basi. Umbali ni mmoja, nchi ni mbili.

15/ Hapa ndipo swali la kweli linaanza: saa moja na nusu ya NANI? Ya mgeni rasmi anayekuja na kurudi siku hiyohiyo? Au ya mama anayetoka Kakuma kupeleka mtoto kliniki ya wataalamu Eldoret? Ukisikia muda wa safari kwenye mdahalo, usiuache ukiwa uchi. Uvike mtu.

16/ Swali la pili: mara ngapi? Safari ya saa moja na nusu inayoondoka kila baada ya masaa mawili ni kitu kimoja. Safari ya saa moja na nusu inayoondoka siku chache kwa wiki ni kitu kingine. Ukikosa ya Jumatatu na inayofuata ni Jumatano, safari yako haikuwa ya saa moja na nusu. Ilikuwa ya siku mbili na saa moja na nusu. Kungoja pia ni umbali.

17/ Swali la tatu: ndege ya nani? Kakuma imehudumiwa kwa muda mrefu na ndege za huduma za kibinadamu za Umoja wa Mataifa, zinazoendeshwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Hizo ni za wafanyakazi wa mashirika na shughuli zao. Mfanyabiashara wa mbuzi haendi kununua tiketi hapo. Kwa hivyo kuona ndege ikitua Kakuma hakumaanishi kwamba mji umeunganishwa na anga kwa kila mtu. Mlango upo, lakini ufunguo si wa wote.

18/ Swali la nne: katika hali gani ya hewa? Watu wengi hawajui kwamba joto lenyewe linaathiri ndege. Hewa ya moto ni nyepesi, inabeba bawa kwa nguvu kidogo. Lodwar mchana nyuzi 35 ni kitu cha kawaida. Kiwanja kikiwa kifupi na jua kali, rubani anaweza kulazimika kupunguza mizigo au abiria ili apae salama. Ndiyo sababu moja marubani wanapenda kufanya kazi asubuhi. Namba ya kwenye tovuti ya umbali haijui jua la Turkana.

19/ Na upepo. Kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia kuna njia ya chini ambayo upepo wa kusini mashariki hupita kwa nguvu. Wataalamu wa hali ya hewa wameuandika kwa miaka mingi. Upepo huohuo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme upande wa pili wa ziwa, kaunti ya Marsabit. Kwa ndege, upepo wa nyuma unafupisha safari, wa mbele unairefusha, wa kando unafanya kutua kuwe kazi. Kwenda na kurudi si lazima kuwe sawa.

20/ Kwa barabara nako kuna laga, yaani mito ya msimu. Miezi mingi unapita juu ya mchanga mkavu. Mvua ikinyesha milimani, maji yanakuja ghafla hata kama ulipo ni jua kali. Lodwar wanaijua Kawalase. Kakuma wanaijua Tarach. Mahali ambapo hakuna daraja, au daraja limekatika, kilomita 120 zinageuka kuwa "tungoje maji yapungue". Inaweza kuwa masaa matatu, inaweza kuwa usiku mzima. Daraja moja zuri linafupisha safari kuliko ndege kumi.

21/ Upande wa kusini kuna jambo la usalama. Barabara ya kutoka Kainuk kwenda Lokichar imekuwa na historia ndefu ya mashambulizi ya majambazi, na kuna vipindi magari yalilazimika kungoja yasindikizwe na polisi. Muda wa kungoja msafara hauandikwi kwenye ramani yoyote. Lakini muulize dereva wa lori. Atakuambia umbali wa Kitale hadi Lodwar kwa wiki za amani na kwa wiki zisizo na amani, na ni namba mbili tofauti.

22/ Swali la tano ni la karatasi. Mkimbizi anayeishi Kakuma hawezi tu kuamka na kwenda Lodwar kama mimi na wewe. Kwa miaka mingi ametakiwa kuwa na kibali cha kutoka nje ya kambi. Sheria mpya ya Wakimbizi ya 2021 ilifungua mlango wa mabadiliko, na mjadala wa namna ya kuitekeleza bado ni moto. Bila kibali, kilomita 120 hazina maana. Kizuizi kimoja cha polisi njiani kinaweza kuwa mbali kuliko Ulaya.

23/ Sasa historia kidogo, kwa sababu umbali wa Turkana haukuumbwa na ardhi peke yake. Wakati wa ukoloni wilaya hii ilifungwa: kuingia na kutoka kulihitaji ruhusa. Serikali ya kikoloni ilipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali na watu, ilimpeleka Lokitaung kuanzia 1953, halafu Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Lodwar ilichaguliwa KWA SABABU ilikuwa mbali. Na umbali huo ulilindwa kwa vibali na kwa kutojenga barabara.

24/ Baada ya uhuru, Waraka Namba 10 wa 1965 ulielekeza pesa za maendeleo zaidi kwenye maeneo yaliyoonekana kuwa na uwezo wa kuzalisha haraka. Kaskazini ikabaki nyuma. Ndiyo maana wazee wa Turkana wakisafiri kwenda Kitale walikuwa wanasema "naenda Kenya". Watu wa Nairobi wakisikia hivyo hucheka. Lakini ile si kichekesho, ni kipimo cha umbali. Tena kizuri kuliko kilomita.

25/ Halafu angalia Lokichoggio, kilomita 95 hivi mbele ya Kakuma, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa na mashirika walianzisha operesheni kubwa ya kupeleka chakula kusini mwa Sudan, na Loki ikawa kituo chake. Miaka ya tisini kiwanja hicho cha jangwani kilikuwa miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi zaidi Kenya. Ndege za mizigo zilipishana kutwa. Hakuna aliyesema "Loki ni mbali, haifikiki."

26/ Mkataba wa amani wa Sudan ukasainiwa Nairobi Januari 2005. Mashirika yakaanza kuhamia Juba. Ndege zikapungua, mji ukanyamaza. Hebu fikiria: Lokichoggio haikusogea hata mita moja. Mwaka 1995 ilikuwa karibu, miaka kumi na tano baadaye ikawa mbali tena. Kilichobadilika ni nani anataka kufika na nani analipa. Hiki ndicho kiini cha uzi huu wote. Kama utasahau mengine, kumbuka Loki.

27/ Sasa Katiba. Ukiwa kwenye mdahalo, weka vifungu hivi mfukoni. Kifungu cha 6(3): taasisi za serikali ya kitaifa zihakikishe huduma zake zinafikika kwa kiwango kinachofaa kote nchini. Kifungu cha 174: moja ya malengo ya ugatuzi ni huduma zilizo karibu na zinazofikika kwa urahisi. Kifungu cha 176(2): kaunti nayo igatue huduma zake kwenda chini kadiri inavyowezekana. Kifungu cha 204: Hazina ya Usawazishaji, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa.

28/ Umeona neno "karibu" kwenye sheria? Katiba haikusema kilomita ngapi. Ilisema zifikike. Hapa ndipo wanasiasa wa pande zote hucheza. Wakiomba pesa wanasema, "Kaunti yetu ni kubwa, karibu kilomita za mraba 70,000, Rwanda na Burundi zote zinaingia ndani." Kweli. Lakini mtu wa Kakuma, Kibish au Kapedo akidai ofisi ya huduma kwake, anaambiwa, "Njoo Lodwar tu, si mbali." Huwezi kuwa mbali wakati wa kuomba na karibu wakati wa kutoa. Chagua moja.

29/ Na Nairobi nayo isijifiche. Ikija kuzindua mradi, Lodwar ni saa moja na nusu. Ikiulizwa kwa nini madaktari bingwa hawatoshi, Lodwar ni "eneo gumu kufikika". Ni mji uleule, wiki ileile wakati mwingine. Ukisikia kiongozi anatumia umbali, angalia kwanza kama anautumia kama daraja au kama kisingizio.

30/ Nani anawajibika kwa nini? Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi. Usafiri wa anga na barabara kuu za kitaifa ni kazi ya serikali ya kitaifa. Barabara za kaunti na usafiri wa umma wa ndani ya kaunti ni kazi ya kaunti. Ile barabara kuu ya Kitale, Lodwar, Kakuma hadi mpakani ni ya kitaifa. Sehemu ya Lokichar kwenda Nadapal ilijengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2015. Kwa hivyo ukimlaumu gavana kwa kiwanja cha ndege, umepiga mlango usio wake. Na ukimlaumu rais kwa barabara ya kijijini, vilevile.

31/ Tuwe waungwana kwa pande zote. Anayesema Turkana ni ghali kuhudumia ana hoja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 wakiwa wametawanyika kwenye ardhi kubwa, na wengi wanahama na mifugo. Zahanati moja haiwezi kuhudumia watu wengi kwa karibu kama ilivyo Vihiga. Gharama hiyo ni ya kweli na anayeificha hawasaidii watu wa Turkana. Lakini gharama ni sababu ya kupanga bajeti tofauti. Si sababu ya kukata tamaa.

32/ Anayesema Turkana iko karibu naye ana hoja. Lami mpya imebadilisha maisha. Kabla yake, Lodwar hadi Kakuma ilikuwa safari ya kuvunja mgongo, masaa matatu au zaidi, na gari likiharibika unalala njiani. Leo mtu anaweza kwenda, kumaliza shughuli na kurudi siku hiyohiyo. Hilo ni jambo la kusifiwa bila kujali aliyekata utepe. Lakini lami haijamaliza kazi, kwa sababu kuna watu ambao kufika tu kwenye lami ni mwendo wa siku nzima kwa miguu.

33/ Tupime yote kwa mtu mmoja. Tuseme mama yuko kijiji cha ndani huko Kakuma. Saa nane usiku uchungu wa kujifungua umekuwa mbaya, na kituo kilicho karibu kinasema apelekwe Lodwar kwa upasuaji. Dakika 20 za angani? Kiwanja kisicho na taa hakina faida saa nane usiku. Saa moja na nusu ya lami? Ndiyo, lakini kwanza ambulensi ipatikane, iwe na mafuta, dereva aamshwe, imfuate mpaka kijijini, ivuke laga. Umbali wa mama huyu unaanza pale simu inapopigwa.

34/ Madaktari wa ndege wa AMREF, wenye kituo chao Wilson, Nairobi, walianza 1957 kwa sababu ya hali hiihii. Ndege inaokoa maisha, hakuna ubishi. Lakini ndege ya dharura ni ya mara mojamoja. Ukimwekea mama yule chumba cha upasuaji Kakuma chenye daktari, damu na umeme usiku, umefuta kilomita 120 zote bila kujenga hata mita moja ya barabara. Hii ndiyo njia ya kufupisha umbali ambayo husikii sana kwenye mikutano, kwa sababu haina utepe mrefu wa kukata.

35/ Basi, mdahalo ujao ukifika, mtu akitaja umbali au muda, muulize haya:
Ni kilomita za angani au za barabara?
Ni muda wa tiketi au wa mlango kwa mlango?
Ni safari ya nani, na anaweza kulipa?
Ni mara ngapi kwa wiki, na usiku je?
Mvua ikinyesha inakuwaje?
Kuna kibali, kizuizi au msafara wa kungoja?
Na la mwisho: badala ya kumpeleka mtu kwenye huduma, je, huduma inaweza kumfuata mtu?

36/ Jaribu na ahadi hii ya mfano: "Tutapanua kiwanja cha Kakuma, na watu wa Turkana Magharibi watakuwa karibu na dunia." Nzuri sana kwa masikio. Sasa uliza. Ni kazi ya serikali ipi? Ni ndege gani zitakuja, mara ngapi? Nauli itafikiwa na nani? Mfugaji ataweza kusafirisha nyama, au ni wageni tu watakaoshuka? Kama majibu yapo, ahadi ni nzito, ipewe heshima. Kama hakuna jibu hata moja, umeuziwa dakika 20.

37/ Nimalizie hivi. Lodwar na Kakuma ni kilomita 105 za anga, 120 za lami, dakika 20 za kikokotoo, masaa mawili ya siku nzuri, siku nzima ya siku mbaya, na kwa mtu asiye na kibali, haipimiki. Zote ni kweli. Uongo huingia pale mtu anapochagua moja inayomfaa na kuficha nyingine. Kwa hivyo usimwambie anadanganya, utapoteza mjadala. Mwambie amalizie namba yake.

38/ Kama una ndugu anayegombana kila jioni kwenye kundi la WhatsApp kuhusu "mbali" na "karibu", mtumie uzi huu. Na kama unaishi Kakuma, Kalobeyei, Loki au Kibish, andika hapa chini safari yako ya mwisho kwenda Lodwar ilichukua masaa mangapi, mlango kwa mlango. Hizo ndizo namba tunazokosa kwenye midahalo.